Ile Dawa ya Barabara ya Kwenye Pipa: Niliyoyasema Pale Busia

(Haya niliongea Jumamosi kwenye mkutano wa barabara pale Busia, upande wa Uganda. Kijana mmoja alirekodi kwa simu, nami nimeyaandika vile yalivyotoka, nimepunguza tu pale niliposimama kunywa maji na pale watu walipoanza kubishana juu ya mpira.)

Wazee wangu, akina mama, mwenyekiti wa baraza letu la kijiji, LC, na nyinyi vijana wa boda mliozima pikipiki mkaja kusikiliza, hamjambo? Nitaongea Kiswahili, maana hapa Busia tuko na Msamia, tuko na Mteso, tuko na Mganda, na tuko na jirani aliyevuka mpaka asubuhi kuja sokoni, nikianza Lusamia nusu yenu mtaenda kunywa chai.

Nimeitwa kuongea juu ya hii dawa ya barabara. Wengi mlimwona yule bwana wa viatu vya kung'aa aliyekuja na pipa la bluu na video kwenye simu, ati unaichanganya na maji, unamwagia udongo uliopo, unapitisha rola na kesho barabara imekuwa ngumu kama simenti, hakuna kubeba murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, hakuna vumbi, na gharama nusu. Sasa naona mmegawanyika, kuna wanaosema huo ni utapeli mtupu na kuna wanaosema gombolola, yaani kata yetu, inunue hata kesho. Mimi siko kwa hao wala kwa wale, na mnipe muda kidogo niwaeleze kwa nini.

Mimi si injinia, niseme hivyo mapema. Nimefanya kazi miaka 27 kwenye maabara za udongo, mtu wa kubeba magunia, kuchekecha, kupima, kuandika namba, na kuoga nje kabla mama watoto hajaniruhusu kuingia ndani. Kwa hiyo siasa ya barabara siijui sana lakini udongo naujua.

Tuanze na wale wa utapeli. Jamani, sakafu ya nyumba ya bibi yako ilikuwa inasilibwa na nini? Si mavi ya ng'ombe na maji? Unasiliba, unaacha inakauka, vumbi linatulia na sakafu inakubali kufagiliwa kila siku. Hiyo ni dawa ya udongo ya majimaji, mama zetu walikuwa nayo kabla kampuni yoyote haijazaliwa. Halafu angalia mchwa, mchwa anachukua udongo wa mfinyanzi anauchanganya na mate yake anajenga kichuguu, mvua inapiga msimu baada ya msimu na kichuguu kimesimama, mpaka sisi wenyewe tunakibomoa tupate udongo wa matofali. Kwa hiyo wazo la kumwaga kitu cha maji kwenye udongo ukashikana, hilo si uongo hata kidogo.

Uongo unaanza pale mtu anaposema dawa moja inatibu udongo wote.

Maana hizi dawa ziko za namna nyingi na zinafanya kazi tofauti kabisa. Ile ya bwana wa pipa, kwa jinsi nilivyosoma karatasi yake, ni ya ayoni, yaani mafuta yaliyopikwa na asidi ya salfa. Ili muielewe fikirieni sabuni. Sufuria ina mafuta, maji peke yake hayaiwezi, ukiweka sabuni mafuta yanatoka, kwa sababu chembe ya sabuni ina pande mbili, upande mmoja unapenda maji na mwingine unayakimbia. Sasa udongo wa mfinyanzi una chembe ndogo sana, bapa bapa kama karata, na uso wa kila karata una chaji hasi ya umeme ambayo inavuta maji na kuyashika kama blanketi. Hilo blanketi la maji ndilo linafanya mfinyanzi uteleze, uvimbe mvua ikinyesha na upasuke jua likiwaka. Dawa ya ayoni inaenda kukaa pale kwenye chaji, inafukuza maji na kugeuza ule mkia wake unaoyakimbia uangalie nje, basi karata zinasogeleana na rola ikipita zinabanana vizuri zaidi. Mmeona? Lakini mmeona pia kinachotakiwa, lazima mfinyanzi uwepo. Kwenye mchanga hakuna karata na hakuna chaji ya maana, utamwaga pipa zima na mchanga utakuangalia tu.

Ya pili ni ya vimeng'enya, hii inatoka kwenye kuchachusha vitu kama sukari, nayo vilevile inataka udongo wenye mfinyanzi kiasi. Ya tatu ni polima, na hii ni gundi tu, ni ndugu wa ile gundi nyeupe ya seremala, inashika chembe kwa chembe, na hiyo ndiyo inaelewana na mchanga. Mainjinia wa jeshi la Marekani walijaribu dawa nyingi kwenye mchanga wenye tope laini, na polima ndizo zilizowapa nguvu ya kuonekana. Halafu kuna molasi, watu wa kule kwenye viwanda vya sukari Busoga mnaijua harufu yake, inatuliza vumbi wakati wa kiangazi lakini mvua inaiosha, hiyo mimi naiweka upande wa kunyunyizia, si wa kujengea.

Sasa twende kwenye hesabu, maana najua mheshimiwa diwani amekuja kwa ajili ya hesabu.

Chukua kilomita moja, upana mita 6, unene sentimita 15. Hiyo ni mita za ujazo 900 za udongo ulioshindiliwa. Ukitaka kuweka murram mpya, murram ikiwa kwenye tipa imefura, kwa hiyo unabeba kama 1,125, na tipa ya mita 10 inaenda na kurudi zaidi ya mara 110. Kwa kilomita moja! Hapo weka dizeli, weka tairi, weka na ile barabara ya jirani ambayo tipa hizo zinaiua zikipita. Na murram hiyo haikai, barabara yenye magari mengi inapoteza sentimita 2 hadi 3 kila mwaka, nyingine inaruka kama vumbi inaingia kwenye chai ya huyu mama wa duka, nyingine inaoshwa kwenye mtaro. Ukipoteza sentimita mbili na nusu kwa mwaka, miaka 6 zile sentimita 15 zote zimekwisha na mnarudi kuchimba. Mnachimba wapi? Mnayajua yale mashimo, yanajaa maji, mbu wanazaa humo na watoto wanaenda kuogelea humo, sitaki kuongea zaidi kwa sababu kuna mzazi hapa anajua ninachosema.

Ukitumia saruji badala yake, udongo huo wa kilomita moja ni kama tani 1,700, weka asilimia 4, ni tani 68, yaani mifuko kama 1,360. Sisi huku mashariki tuna bahati kiwanda cha saruji cha Tororo kiko karibu, mtu wa mbali hana bahati hiyo. Na kila tani ya saruji kuitengeneza tu inatoa kilo 600 mpaka 900 za kaboni dayoksaidi, wale wanaofuatilia habari za hali ya hewa wameshaelewa. Halafu dawa ya vimeng'enya, karatasi za wauzaji nilizoziona zinasema lita moja kwa mita za ujazo 30 hivi. Gawanya 900 kwa 30. Lita 30! Hiyo ni jerikeni moja na nusu, boda mmoja anaibeba na abiria juu.

Naona diwani ametabasamu. Ngoja kwanza.

Ile jerikeni haifanyi kazi peke yake. Udongo ukiwa mkavu na unataka kuongezewa maji asilimia 5 ili ushindilike, kwa zile tani 1,700 unahitaji lita 85,000 za maji, bauza, lile gari la maji, ya lita elfu 10 inakwenda mara 8 au 9, na wakati wa kiangazi maji hayo mtagombania na ng'ombe. Unahitaji greda ya kuchimbua na kukoroga, ama trekta la shamba lenye plau ya visahani, na unahitaji rola ya maana. Mashine hizo si ndoto, mwaka 2017 serikali ilileta mashine za Kijapani zikagawiwa wilaya, greda, rola, bauza na tipa, tatizo mnalijua wenyewe, ni foleni na mafuta. Kwa hiyo dawa inapunguza kubeba murram, na hapo ndipo pesa inaokolewa kweli, ila kazi yenyewe iko palepale.

Sasa niwape kisa changu, na mkicheka chekeni taratibu. Miaka ile tulifanya kipande cha mita 300 mahali fulani, sitataja wilaya wala kampuni. Sampuli tuliyopima maabara ilitoka kwenye shimo la murram, nyekundu, ina mfinyanzi wake mzuri, dawa ikakubali. Nilipofika saiti nikachota udongo wa barabara wenyewe nikausugua mkononi, ni mchanga. Mchanga! Nikajua. Lakini bosi alikuwa na haraka, wageni wakubwa walikuwa wanakuja Ijumaa, nikanyamaza. Tukamwaga, tukakoroga, tukashindilia, na siku ya ufunguzi ile barabara ilikuwa inang'aa banange, mgeni mmoja akaigonga na kisigino, ngo ngo, watu wakapiga makofi. Mvua ya Aprili ilipokuja, wiki mbili tu, tulikuwa tunavuta Fuso kwa kamba palepale alipogonga kisigino. Mpaka leo nikikumbuka yale makofi naona aibu.

Sasa swali, kama dawa haikufanya kitu, kwa nini ile Ijumaa barabara ilikuwa ngumu? Hapa ndipo nataka mnisikilize kuliko pengine pote. Udongo karibu wote, hata wa mchanga ilimradi una tope laini kidogo, ukiupa maji kiasi chake, ukaushindilia vizuri na ukakauka, unakuwa mgumu. Bila dawa. Yaani ugumu ule ulitoka kwa bauza, rola na jua, na sifa zote zikaenda kwa pipa. Kila video mnayoonyeshwa kwenye simu imepigwa barabara ikiwa kavu. Mwambieni awaonyeshe video ya Mei.

Na si mimi tu. Chuo Kikuu cha Texas pale Austin walitoa ripoti mwaka 2003, walichukua dawa tatu, moja ya ayoni, moja ya vimeng'enya na moja ya polima, wakazijaribu kwenye udongo wa mfinyanzi wa aina tano kwa vipimo vilevile vya wauzaji, na hawakuona mabadiliko makubwa ya kutegemewa. Wako watu wengine sehemu nyingine wamepata matokeo mazuri, sikatai, na mimi mwenyewe nimeona kipande kimoja cha ayoni kwenye mfinyanzi mwekundu kikapita misimu mitatu kikiwa na shimo moja tu. Ndiyo maana nawaambia msiulize kama dawa ni nzuri au mbaya. Ulizeni udongo wetu ni upi.

Kuujua si lazima mwende Kireka, kule Kampala, kwenye maabara kuu ya wizara ya ujenzi, japo mwishowe sampuli lazima ifike maabara. Anzeni nyumbani. Chupa ya maji ya plastiki, weka udongo robo, jaza maji, tikisa mpaka mkono uchoke, kisha uiweke mezani. Mchanga utashuka chini ndani ya dakika moja, tope laini linashuka polepole baadaye, na yale maji yaliyobaki na rangi mpaka kesho yake, huo ndio mfinyanzi wenu. Kingine ni cha kusokota, chukua udongo laini, lowesha, viringisha kwenye kigae uwe kama tambi, ukifika unene wa milimita 3 bila kukatika basi una mfinyanzi, ukikatika tangu mwanzo hata ukiongeza maji, huo ni mchanga au tope laini tu. Msidhani nawachezea, kipimo hiki kinatokana na kazi ya Msweden mmoja, Atterberg, mwaka 1911, na mainjinia wa dunia nzima bado wanasokota tambi mpaka leo.

Maabara ndiyo itawapa CBR, yaani namba ya nguvu ya udongo. Wanashindilia udongo ndani ya kopo la chuma, wanaliloweka kwenye maji siku 4, halafu wanausukuma na nondo nene kuona unakataa kiasi gani. Zile siku 4 za maji ndizo roho ya kipimo. Muuzaji akiwaletea CBR ya udongo ambao haukulowekwa, mpeni soda aende nayo.

Mama pale nyuma ameuliza, kwani ikishafanywa lori za samaki zinapita siku hiyohiyo? Hapana mama. Dawa nyingi zinataka siku kadhaa za kukauka, nyingine tatu nyingine wiki, na malori yasipite. Hiyo ni kazi ya kijiji, kuweka magogo na kuvumilia matusi ya madereva.

Na hata ikishika sawasawa, juu inabaki uchi. Dawa inaimarisha mwili, haitengenezi ngozi. Tairi zitasugua, vumbi litarudi, maji yatapata pa kuingilia. Kwa barabara yenye magari mengi mnahitaji ngozi nyembamba ya lami juu, kuna ile wanaita Otta, ilianzia bonde la Otta kule Norway miaka ya 1960, inakubali kokoto za kawaida ambazo hazikuchujwa sana. Pale Mbale kuna kituo cha wizara cha Mount Elgon kinachofundisha ujenzi wa barabara kwa nguvu za watu na lami za bei nafuu, vijana wetu waende kule, ni karibu kuliko Kampala.

Halafu maji. Nisipoongea maji mtasema nimezeeka. Barabara lazima iwe na mgongo, kwa upana wa mita 6 katikati pawe juu ya ukingo kwa sentimita 15 hivi, na mitaro iwe wazi na kalvati zisijae takataka za soko. Yule bwana wa pipa ameongea saa nzima hajataja mtaro hata mara moja, nilikuwa nahesabu. Hii barabara yetu inayoshuka ziwani, mimi nimeitembea kwa miguu juzi, sehemu tatu mbovu zaidi zote maji yamesimama katikati ya njia kwa sababu greda ilipita mara nyingi bila kujali mpaka barabara ikawa mtaro na mtaro ukawa barabara. Pale hakuna dawa itakayokaa, hata mkimwaga ulanzi.

Na jambo dogo ambalo si dogo. Ile dawa ya ayoni kabla hujaizimua ni asidi kali, inachoma ngozi na macho, vijana wavae glavu na buti. Na ile mitungi ikiisha, nawajua watu wangu, mtu ataenda nayo nyumbani aisuuze mara mbili apeleke kisimani. Itobolewe palepale saiti mbele ya mwenyekiti.

Kijana wa boda ameuliza swali zuri, nalisoma: «Mzee, sasa tununue au tusinunue?»

Mwanangu, msinunue pipa, nunueni kipande. Mwambieni yule bwana, karibu sana, tupe dawa ya mita 100 na mtu wako asimamie mwenyewe asije kusema tulikosea. Karibu yake sisi tutafanya mita 100 nyingine, udongo uleule, greda ileile, rola ileile, idadi ileile ya kupita, lakini kwenye bauza ni maji matupu. Zote tuzipe mgongo na mitaro sawa. Tuzifanye Januari, zikauke, halafu tukae tusubiri mvua ya Machi mpaka Mei, na malori ya samaki yapite juu ya zote mbili. Mwezi wa sita tukutane hapahapa. Kama kipande cha dawa kimesimama na cha maji kimekufa, mimi mwenyewe nitaenda na diwani kumtetea yule bwana huko wilayani. Kama vyote viwili vimesimama, basi tumegundua tulichokosa ni maji kiasi na rola, na pesa ya pipa tununue kalvati. Akikataa jaribio hilo, hilo nalo ni jibu.

Haya, kabla hamjatawanyika, nataka watu watatu wenye majembe kesho saa moja asubuhi, kabla jua halijapanda, na magunia sita yasiyo na matundu. Tutachimba sehemu sita za barabara yenyewe, narudia, barabara yenyewe, si shimo la murram, kila gunia tuliandike limetoka wapi, gari la mtu wa samaki linaenda Kampala Jumanne na amekubali kutubebea. Nani ana jembe? Wewe wa kofia nyekundu, nimekuona, usijifiche.